Vyaelea Vimeundwa: Mcheza Baleti Anapoliaga Jukwaa

Wahenga walilonga kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Yamkini waliwalenga mafundi wa vyombo vya baharini, lakini ni vigumu kupata kauli inayoifaa zaidi sanaa ya baleti. Mtazamaji aketiye ukumbini humwona mwanamke aliyevaa maleba mepesi akisimama juu ya ncha za vidole vya miguu, akizunguka kama pia, kisha akiruka na kuonekana kana kwamba hewa imekataa kumrudisha chini. Kila kitu chaelea. Asichokiona mtazamaji huyo ni ule uundaji: miaka na miaka ya mazoezi ya kila siku tangu utotoni, vidole vinavyochubuka ndani ya viatu ambavyo ncha zake zimekazwa kwa matabaka ya kitambaa, karatasi na gundi, na maumivu yanayofunikwa kwa tabasamu. Huenda hii ndiyo sababu hushangaa mchezaji anapoliaga jukwaa. Aliyekiona chombo kikielea tu hakujua kuwa mbao zake zilianza kulika tangu siku kiliposhushwa majini.

Baleti ni sanaa ya kigeni kwa wengi wa wasomaji wa Kiswahili, hivyo si vibaya kuitaja asili yake kwa ufupi. Ilichipuka katika kasri za watawala wa Italia, ikalelewa nchini Ufaransa, ambako Mfalme Louis wa 14, aliyekuwa mchezaji yeye mwenyewe, alianzisha chuo cha dansi mwaka 1661, kisha ikakomaa nchini Urusi katika karne ya 19. Ni sanaa iliyojengwa juu ya kanuni kali za mwili: nyonga zigeuzwe nje, goti linyooke, mgongo usimame wima kama mlingoti. Kanuni hizi haziangalii umri.

Hapa ndipo baleti inapotengana na ngoma kama Mswahili aijuavyo. Neno ngoma katika Kiswahili ni pana. Ni ala inayopigwa, ni uchezaji, na ni shughuli yenyewe inayowakusanya watu. Katika shughuli hiyo mzee ana nafasi yake. Akishindwa kuruka, atapiga makofi. Akishindwa kupiga makofi, ataitikia wimbo. Na hata akisimama pembeni akiyumba taratibu, hakuna atakayemwambia kuwa amestaafu. Fauka ya hayo, msimulizi wa ngano huzidi kuheshimiwa kadiri mvi zinavyoongezeka. Sauti yake iliyokwaruza huipa hadithi uzito ambao kijana hana. Mshairi naye huweza kutunga utenzi wake bora akiwa na miaka 70. Mcheza baleti hana bahati hiyo. Akifika miaka 40, wengi humtazama kwa jicho la kumhesabia siku.

Kuna njia mbili zinazopishana katika maisha yake. Ya kwanza ni ya nguvu, ambayo hupanda mapema na kuanza kuteremka mapema. Ya pili ni ya ufahamu, ambayo hupanda polepole, mwaka baada ya mwaka, kila anapoirudia nafasi ileile na kugundua jambo ambalo hakuliona awali. Msichana wa miaka 20 anaweza kuruka juu kuliko wote na bado asijue kwa nini mhusika anayemwigiza anaruka. Mwanamke wa miaka 40 anajua kwa nini. Goti ndilo linalokataa. Msiba wa mchezaji ni kwamba anaambiwa atoke wakati hasa alipoanza kuelewa alichoingilia.

Waandishi wa habari za michezo nchini Kenya wana msemo wa kuangika daluga, wautumiao mwanasoka anapostaafu. Msemo huu una faraja ndani yake. Daluga ni kitu kilicho nje ya mtu. Huvuliwa, hutundikwa ukutani, na mabao aliyoyafunga mwenyewe hubaki yameandikwa katika kumbukumbu za ligi. Mcheza baleti akitaka kuiangika ala yake ataiangika wapi? Ala yake ni uti wa mgongo, ni nyayo, ni shingo. Ataamka nayo kesho yake asubuhi, na keshokutwa, nayo itaendelea kumdai mazoezi ambayo hayana tena jukwaa.

Kuna mahali ambapo sheria imeliamua suala hili. Katika Opera ya Paris, mchezaji hustaafu afikapo umri wa miaka 42 na kulipwa pensheni, na mfumo wa pensheni wa jumba hilo una mizizi katika enzi ya Louis wa 14, mwaka 1698. Serikali ya Ufaransa ilipotaka kuifuta mifumo maalumu ya namna hii mwaka 2019, wasanii hao waligoma. Tarehe 24 Disemba mwaka huo wachezaji walitoka nje ya jumba la Palais Garnier wakiwa na maleba meupe, wakacheza katika baridi sehemu ya baleti ya batamaji iliyotiwa muziki na Tchaikovsky, mbele ya wapita njia. Wapo waliouliza kwa nini mtu mwenye miaka 42 alipwe pensheni. Jibu walikuwa wamelitazama kwa macho yao pale ngazini: mwili unaofanya kazi ile haungoji miaka 60.

Lakini si kila mchezaji aliyekuwa na sheria ya kumlinda. Maisha ya Margot Fonteyn, Mwingereza ambaye aghalabu hutajwa kuwa miongoni mwa wacheza baleti wakuu wa karne ya 20, yanaonyesha jinsi kuaga kunavyoweza kuahirishwa, na kwa gharama gani.

Fonteyn alizaliwa mwaka 1919 katika mji wa Reigate, kusini mwa London, akapewa jina la Margaret Hookham. Sehemu ya utoto wake aliipitisha nchini Uchina, ambako baba yake alikuwa mhandisi. Mwaka 1934 alijiunga na shule ya Ninette de Valois jijini London, na alipokuwa bado kijana wa chini ya miaka 20 alikuwa amekwisha kuzishika nafasi kubwa za kundi hilo, ambalo baadaye lilikuja kuitwa Royal Ballet. Mtunzi Frederick Ashton alimtungia ngoma nyingi kwa kuutazama mwili wake, kama fundi cherehani anavyopima kitambaa begani mwa mtu. Mwezi wa Februari 1946, jumba la Covent Garden lililokuwa limegeuzwa ukumbi wa dansi ya kawaida wakati wa vita lilipofunguliwa upya kwa baleti ya Mrembo Aliyelala, yeye ndiye aliyekuwa mrembo huyo. Mwezi wa Oktoba 1949 aliicheza nafasi hiyohiyo jijini New York, na jina lake likavuka bahari.

Kufikia mwaka 1961 alikuwa na miaka 42, na waliomjua waliona kuwa machweo yamewadia. Mwaka huohuo kijana Rudolf Nureyev aliwatoroka walinzi wake katika uwanja wa ndege wa Le Bourget, Paris, akakataa kurudi katika Muungano wa Kisovieti. De Valois alimwalika London, na ikapendekezwa acheze na Fonteyn. Bibi huyu alisita. Tofauti ya umri wao ilikuwa takriban miaka 19, na alitambua kuwa kijana angeweza kumfanya aonekane mzee kuliko alivyokuwa. Alikubali hatimaye, na tarehe 21 Februari 1962 walicheza Giselle pamoja kwa mara ya kwanza. Machweo yakageuka mapambazuko. Mwaka uliofuata Ashton aliwatungia Marguerite na Armand, na mwezi wa Februari 1965 Fonteyn akacheza nafasi ya Juliet katika baleti ya Kenneth MacMillan. Juliet wa Shakespeare hajatimiza miaka 14; Fonteyn alikuwa na miaka 45, na watazamaji walimsadiki.

Wasimulizi wengi huishia hapo, kwa kuwa kisa kinapendeza: kijana anafufua, mkongwe anafufuka. Hata hivyo, kuna upande wa pili. Mwezi wa Juni 1964 mume wa Fonteyn, mwanasiasa wa Panama aitwaye Roberto Arias, alipigwa risasi nchini mwake na mtu aliyewahi kuwa mshirika wake wa kisiasa. Hakufa, ila alipooza karibu mwili mzima. Kuanzia siku hiyo nyumba moja ilikuwa na miili miwili inayotegemeana: mmoja usioweza kuinua mkono, na mwingine ambao riziki yake ilikuwa ni kuinua mkono kwa namna ambayo ulimwengu wote ungelipa kuitazama. Gharama za matibabu na uuguzi zilihitaji fedha kila mwezi. Fonteyn alicheza. Alicheza akiwa na miaka 50, akacheza akiwa na miaka 55, akizunguka mabara na kuchagua, kadiri nguvu zilivyopungua, nafasi zenye miruko michache na maana nyingi.

Je, alikaa jukwaani kwa sababu ya mapenzi ya sanaa au kwa sababu ya bili za hospitali? Swali hili huulizwa kana kwamba mambo hayo mawili hayawezi kukaa chini ya dari moja. Mwalimu anayependa kufundisha pia ana karo ya watoto. Jambo lililo dhahiri ni kwamba Fonteyn hakupewa nafasi ya kuchagua saa yake ya kuondoka kwa kuutazama mwili wake peke yake. Aliutazama na mwili wa mwingine. Tarehe 23 Mei 1979, siku chache baada ya kutimiza miaka 60, Royal Ballet ilimwandalia tamasha la heshima katika Covent Garden. Alicheza kipande kifupi alichotungiwa na Ashton kwa ajili ya usiku huo, na Ashton mwenyewe, akiwa na miaka 74, akapanda jukwaani kucheza naye. Wazee wawili walizunguka polepole katika muziki wa Elgar. Hapakuwa na miruko. Hakuna aliyeihitaji.

Nureyev naye hakuwa na mgonjwa wa kumlisha, lakini kuacha kulimshinda zaidi. Aliendelea kucheza huku mwili ukimkimbia, na ziara yake ya Uingereza mwaka 1991, akiwa na miaka 53 na tayari ameshambuliwa na ugonjwa wa UKIMWI ambao hakuutangaza, ilipokelewa na baadhi ya watazamaji kwa kelele za kuzomea na madai ya kurudishiwa fedha zao. Alifariki mwezi wa Januari 1993. Ni rahisi kumsuta kwa methali ya ngoma ikivuma sana hupasuka. Lakini anayemsuta ajiulize kwanza: mtu aliyeacha nchi, mama na lugha yake kwa ajili ya jambo moja tu, ukimwambia aliache jambo hilo atabakiwa na nini mkononi?

Swali hilo ndilo kiini cha suala zima la kustaafu kwa mcheza baleti. Mchongaji akifa huacha kinyago. Mwandishi akifa huacha kitabu. Mchezaji huacha nini? Wapo watakaojibu kuwa zipo filamu, na ni kweli kuwa Romeo na Juliet ya Fonteyn na Nureyev ilirekodiwa na kuonyeshwa mwaka 1966. Zipo pia alama maalumu za kuandikia miondoko. Mwanafunzi wa fasihi simulizi, hata hivyo, hahitaji kufafanuliwa kasoro ya jibu hilo. Anajua tofauti iliyopo kati ya ngano iliyochapishwa kitabuni na ngano ileile kinywani mwa fanani, mbele ya hadhira inayocheka na kukatiza. Maandishi huhifadhi maneno na kuiacha pumzi. Filamu nayo huonyesha mkono ulifika wapi, lakini haisemi mchezaji aliwaza nini hata mkono ukafika hapo.

Ndiyo maana baleti, licha ya kasri na vioo vyake, huishi kwa njia ileile inayoishi fasihi simulizi. Hupokezwa. Mchezaji mkongwe huingia katika chumba cha mazoezi, akamshika kijana mabega, akamwambia: hapa usihesabu, hapa sikiliza, hapa usimtazame mwenzako, mwogope. Mfano mmoja unatosha. Mwaka 1910 Mrusi Tamara Karsavina alikuwa wa kwanza kucheza nafasi ya ndege wa moto katika baleti iliyotungwa na Fokine na kutiwa muziki na Stravinsky. Karsavina alistaafu, akaishi London, akazeeka. Mwaka 1954 kundi la de Valois lilipoamua kuicheza kazi hiyo, bibi huyu aliyekuwa amekaribia miaka 70 ndiye aliyemfundisha Fonteyn nafasi ile. Hakuweza tena kuruka. Lakini alijua ndege yule huogopa nini anaposhikwa, kwa kuwa aliambiwa na mtunzi mwenyewe, na sasa aliutia ujuzi huo katika mwili mwingine uliokuwa na nguvu za kuubeba.

Kisa cha Marguerite na Armand kinaonyesha upande wa pili wa jambo hilohilo. Kazi hii ilishonwa juu ya miili ya Fonteyn na Nureyev kwa ukamilifu kiasi kwamba walipoiacha, ilikaa kama joho lisilo na mvaaji. Royal Ballet haikuwapa wengine nafasi hizo hadi mwaka 2000, ilipochezwa na Sylvie Guillem, Mfaransa. Si sadfa tupu kuwa alikuwa yeye. Mwezi wa Disemba 1984, Guillem akiwa na miaka 19, aliyempandisha cheo cha juu kabisa cha wachezaji wa Opera ya Paris alikuwa mkurugenzi wa baleti wa wakati huo, Rudolf Nureyev. Mtu yuleyule aliyeshindwa kuachilia jukwaa kwa ajili yake mwenyewe alikuwa amemfungulia mwingine mlango. Guillem naye alicheza hadi alipofika miaka 50, akatangaza mapema kuwa mwaka huo ungekuwa wa mwisho, na usiku wa kuamkia mwaka 2016 akacheza Bolero nchini Japani, akaondoka. Hakusukumwa na mtu. Aliondoka wakati watazamaji walikuwa bado wanamtaka.

Ukiwaweka hawa bega kwa bega, hutabaini kanuni moja ya kuaga. Mmoja aliaga kwa hiari yake, mwingine akazuiwa na ugonjwa wa mumewe, wa tatu hakuaga hata kidogo. Kinachobainika ni kuwa umri ambao mchezaji anaacha kucheza una uzito mdogo kuliko kile anachofanya na ujuzi uliobaki ndani yake. Jukwaa linaweza kumpokonya miruko; haliwezi kumpokonya sababu ya kuruka. Asipopata wa kumkabidhi sababu hiyo, basi kweli amezikwa nayo. Na kukabidhi kunahitaji watu wawili. Kunahitaji kijana aliye tayari kushikwa mabega, na taasisi inayomwita mkongwe chumbani badala ya kumpa cheti na shada la maua mlangoni.

Mcheza kwao hutunzwa, yasema methali nyingine. Fonteyn alihamia Panama, akaishi na mumewe katika shamba la mifugo, akahesabu ng'ombe pale alipokuwa akihesabu mapigo ya muziki. Aliitunzia heshima elimu pia, akiwa mkuu wa heshima wa Chuo Kikuu cha Durham tangu mwaka 1981. Lakini fedha zilikuwa zimekwisha, na saratani ikamwingia. Arias alifariki mwaka 1989. Mwezi wa Mei 1990 Covent Garden iliandaa tamasha la kumchangia. Nureyev alikuja kucheza. Ilikuwa tuzo ya upendo, na pia lilikuwa deni lililolipwa kwa kuchelewa, kwani mtu aliyeujaza ukumbi ule kwa miongo mingi hakupaswa kungojea mchango uzeeni. Alifariki katika Jiji la Panama tarehe 21 Februari 1991, akiwa na miaka 71. Ilikuwa imetimia miaka 29 kamili tangu usiku ule wa Giselle.

Wanaotafiti fasihi simulizi wanalo la kuchukua hapa. Wapo manju, wachezaji wa ngoma na waghani wanaoishi vijijini na mitaani, ambao magoti yao yameanza kukataa. Mtafiti akifika na kinasa sauti atarudi na maneno. Akifika mapema, akakubali kusimama uwanjani na kusahihishwa bega, atarudi na kitu ambacho kinasa sauti hakina pa kukiweka. Mzee huyo hatapewa tamasha wala cheo siku atakapoacha kucheza. Ataacha tu, jioni moja, na majirani watadhani amechoka.